Peiroli ya miradi ya serikali Marekani: mwongozo kamili kwa kontrakta mdogo ambaye fomu yake inarudishwa kila wiki

Nimeshapitia peiroli nyingi za wenzetu wanaochukua vipande vya rangi, jipsamu, zege na umeme kwenye majengo ya serikali huku Marekani, na zinazorudishwa zinarudishwa kwa mambo yaleyale. Mtu kaandikwa "saidia fundi". Ovataimu imepigwa vibaya. Watu wamelipwa kila baada ya wiki mbili. Au aliyesaini hajasoma alichosaini. Ukuta umenyooka, rangi imekaa vizuri, lakini hela imeshikwa ofisini kwa kontrakta mkuu na vijana wanapiga simu wanauliza lini.

Historia ya sheria siigusi. Jua tu hivi: ujenzi, ukarabati na hata kupaka rangi jengo la serikali kuu, mkataba ukizidi $2,000, unaingia kwenye sheria ya Davis-Bacon. Miradi mingi ya miji na kaunti iliyojengwa kwa hela ya serikali kuu, kama nyumba za watu wa kipato cha chini au barabara, nayo inaingia kupitia sheria ndugu zake. Na hiyo $2,000 inapimwa kwenye mkataba wa kontrakta mkuu, sio kwenye kipande chako, kwa hiyo usiniambie "mimi nimepewa kazi ya $1,500 tu hainihusu". Inakuhusu.

Unadaiwa mambo mawili. Kulipa kila mtu kisichopungua kima kilichopangwa kwa kazi yake kwenye kaunti ile, na kila wiki kutuma orodha ya malipo yenye tamko lenye sahihi kwamba kilichoandikwa ni kweli. Hiyo orodha ndo naiita peiroli humu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kwanza

Usifungue fomu kabla hujapata hivi, manake wengi wanaanza kujaza halafu wanabuni katikati.

- Mkataba wako na kontrakta mkuu, wote, pamoja na viambatisho. Viambatisho ndo vina mambo.
- Jedwali la viwango vya mshahara la mradi huo: namba yake, tarehe, na namba ya marekebisho.
- Fomu WH-347 kutoka tovuti ya Wizara ya Kazi. Pakua upya, usitumie nakala ya miaka iliyopita uliyopewa na rafiki, fomu imebadilishwa mpangilio. Kuitumia sio lazima, unaweza kutumia fomu nyingine yenye taarifa zilezile, ila tamko lazima liwe na maneno yanayotakiwa. Miradi mingine inataka ujaze kwenye mfumo wa mtandaoni kama LCPtracker, uliza mapema.
- Daftari la masaa la kila siku, lenye jina la mtu na kazi aliyoifanya.
- Taarifa za kila mfanyakazi: jina kamili, anwani, simu, barua pepe, namba ya Sosho Sekuriti, fomu ya kodi.
- Ruhusa za maandishi za makato yoyote yasiyo ya kodi.
- Kama una wanagenzi, vyeti vyao vya kusajiliwa. Kama unalipa bima ya afya au pensheni, karatasi za mpango na risiti.
- Bango WH-1321 la haki za wafanyakazi. Hili na jedwali la viwango vinabandikwa saiti, mahali watu wanapopita na kusoma, sio ndani ya gari la foremani.

## Hatua ya 1: Tafuta jedwali la mradi wako, sio jedwali la leo

Majedwali yako bure kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali kuu, na hapo ndo kosa la kwanza linapozaliwa. Mtu anaingia, anatafuta kaunti yake, anachukua la juu kabisa, anaanza kulipa. Mradi wako lakini unafuata jedwali lililofungwa kwenye mkataba, ambalo linaweza kuwa la mwaka jana. Kwa hiyo kwanza fungua mkataba, soma namba, inaanza na herufi mbili za jimbo halafu mwaka halafu namba ya jedwali, ndo uende SAM.gov kulinganisha. Kama mkataba hauna jedwali, usianze kazi. Andika barua pepe kwa kontrakta mkuu aombe, na uitunze hiyo barua pepe.

Angalia pia aina ya ujenzi. Ziko nne: majengo, makazi, ujenzi mzito na barabara kuu. Kaunti moja inaweza kuwa na fundi umeme mwenye bei nne tofauti kwa sababu hiyo tu. Usiamue mwenyewe, fuata kilichoandikwa kwenye mkataba.

Ndani ya jedwali kila kada, yaani aina ya kazi kama fundi rangi au kibarua, ina namba mbili. Ya kwanza, chini ya neno Rates, ni mshahara wa msingi wa saa. Ya pili, chini ya Fringes, ni marupurupu ya saa. Unadaiwa zote mbili. Nimeona watu wanalipa ya kwanza tu miezi mitatu mizima halafu wanashangaa deni limetoka wapi.

Juu ya kada kuna misimbo. Ukiona inaanza na PAIN au ELEC ujue bei imetokana na makubaliano ya chama cha wafanyakazi, ukiona SU imetokana na utafiti wa mishahara. Haimaanishi ujiunge na chama. Ina maana bei ni hiyo basi.

Majimbo mengine yana sheria yao wenyewe juu ya hii. California kwa mfano inahesabu ovataimu mtu akipita masaa 8 kwa siku, na inataka kontrakta ajisajili kwanza. Michigan walifuta yao 2018 halafu wakairudisha. Kama mradi una hela ya jimbo na ya serikali kuu, unatakiwa kutimiza sheria zote mbili, kwa hiyo kiutendaji unalipa iliyo juu.

Umefanikiwa kama: una karatasi moja yenye jina la mradi, namba ya jedwali, namba ya marekebisho, aina ya ujenzi, na kada utakazotumia na namba zake mbili mbili.

## Hatua ya 2: Mpe kila mtu kada kwa kifaa alichoshika

Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo panapotuumiza sisi zaidi ya wengine.

Kwetu saiti ina fundi na saidia fundi. Fundi anapiga plasta, saidia anachanganya, anabeba, anapokea ufundi taratibu, na malipo yake ni nusu. Ni utaratibu tunaoujua toka utotoni na hauna ubaya nyumbani. Kwenye Davis-Bacon huo utaratibu haupo. Hauruhusiwi kuandika saidia fundi isipokuwa jedwali lenyewe limeiweka hiyo kada kwa mradi huo, na mara nyingi haijawekwa.

Kinachoangaliwa ni kazi ya mikono yake. Akishika brashi ya rangi ni fundi rangi, hata kama kaanza jana. Akivuta waya ni fundi umeme. Akifagia, kubeba mbao na kusafisha saiti ni kibarua. Sio umri, sio uzoefu, sio kwamba ni mtoto wa shangazi yako.

Na kinyume chake pia. Wapo vijana waliopiga uashi miaka 10 kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wakaja huku na mikono mizuri kabisa, bosi anawaita "wanafunzi" kwa sababu hawana karatasi za Marekani. Mwanagenzi kwenye sheria hii ni mtu mmoja tu: aliyesajiliwa kwenye programu ya uanagenzi inayotambuliwa na Wizara ya Kazi au wakala wa jimbo. Huyo ndo unaweza kumlipa asilimia ya mshahara wa fundi, kwa kufuata uwiano wa mafundi kwa wanagenzi uliowekwa na programu. Asiye na cheti analipwa bei kamili ya fundi. Kuandika "mwanagenzi" bila cheti ni deni unalojiandikia mwenyewe.

Sasa mambo manne yanayoleta mzozo.

Mtu anayefanya kazi mbili. Asubuhi kibarua, mchana anapaka rangi. Unaruhusiwa kumlipa bei mbili, ila daftari lazima lionyeshe masaa ya kila kazi siku hiyohiyo. Kama daftari linasema tu "masaa 8", unalipa yote kwa bei ya juu. Hapa daftari ni hela taslimu.

Foremani. Akiwa anasimamia tu, hayumo kwenye viwango. Lakini kama ni msimamizi anayeshika mwiko zaidi ya asilimia 20 ya muda wake ndani ya wiki, masaa hayo ya mwiko analipwa kama fundi. Sisi maforemani wetu hawawezi kukaa wamekunja mikono, kwa hiyo hesabu tu kwamba yuko ndani.

Bosi na familia. Mwenye hisa angalau asilimia 20 ya kampuni na anaiendesha kweli hadaiwi kujilipa kiwango. Mke, mume, kaka, binamu wasio na hisa hawana msamaha wowote. Na yule binamu aliyekuja Jumamosi "kusaidia tu" naye anaandikwa na analipwa, hakuna kujitolea kwenye kazi hii.

Watu wa 1099, yaani fomu ya kodi ya wanaolipwa kama sio waajiriwa. Nasikia hii kila wiki: "hao sio waajiriwa wangu, nawalipa kwa 1099". Sheria inasema mtu akifanya kazi ya mikono kwenye saiti analipwa kiwango bila kujali uhusiano wenu wa kimkataba unaitwaje. Lazima aonekane kwenye peiroli, yako au ya mtu mwingine.

Kuna kazi ambazo mipaka yake haiko wazi. Kufunga bodi za jipsamu inaweza kuwa kada ya seremala na kuziba viungo kada nyingine, inategemea desturi ya eneo lile. Usibahatishe. Uliza kwa maandishi kupitia kontrakta mkuu kabla ya siku ya kwanza.

Na kama kada haimo kabisa kwenye jedwali? Usichukue inayofanana. Kuna ombi la kuongeza kada, fomu SF-1444, linapita kwa kontrakta mkuu kwenda kwa afisa wa mkataba halafu Wizara ya Kazi, ambao wana siku 30 tangu walipopokea kujibu au kusema wanahitaji muda zaidi. Litakubalika kama kazi hiyo haifanywi na kada yoyote iliyomo, kada hiyo inatumika kwenye ujenzi eneo lile, na bei unayopendekeza inaendana na bei zilizomo. Ukipeleka $15 wakati kibarua yuko $22 umepoteza muda wako. Bei ikipitishwa inarudi nyuma hadi siku ya kwanza mtu alipofanya hiyo kazi, kwa hiyo weka akiba.

Umefanikiwa kama: ukimuuliza kijana yeyote saiti "leo umefanya nini", jibu lake linafanana na kada uliyomwandikia.

## Hatua ya 3: Daftari la masaa lijazwe siku hiyohiyo

Fupi hii. Kila siku, jina, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kazi, mradi. Foremani anajaza jioni kabla hajawasha gari. Daftari linalojazwa Ijumaa usiku kwa kukumbuka linajulikana tu, manake kila mtu ana masaa 8 kila siku siku 5 na mvua ilinyesha Jumatano.

Tenganisha masaa ya mradi wa serikali na masaa ya kazi zako nyingine za binafsi wiki hiyo. Utayahitaji yote kwenye ovataimu.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya malipo

Chukua mfano, namba ni za kufundishia tu. Fundi rangi, msingi $24.00, marupurupu $9.50. Kafanya masaa 44 kwenye mradi. Huna bima wala pensheni, kwa hiyo marupurupu unampa taslimu juu ya mshahara.

Masaa 40 ya kawaida: $24.00 + $9.50 ni $33.50, mara 40 ni $1,340.

Masaa 4 ya ovataimu: msingi mara moja na nusu, yaani $36.00, halafu jumlisha marupurupu $9.50 bila kuyazidisha. Inakuwa $45.50, mara 4 ni $182.

Jumla $1,522.

Makosa yako ya aina mbili. Wengine wanazidisha $33.50 yote kwa moja na nusu, wanapata $50.25 kwa saa, sio dhambi ila unajimaliza mwenyewe. Wengine wanalipa ovataimu $36.00 tupu wakidhani ile nusu ya juu inafunika marupurupu. Haifuniki. Umempunja $9.50 kwa masaa 4, ni $38, na ukizidisha kwa watu 6 kwa wiki 20 hapo unaongelea $4,560 ambazo ziko mfukoni kwako na zina jina la mtu mwingine.

Kama unamlipa msingi wa juu kuliko jedwali, ovataimu inapigwa kwa huo wa juu unaomlipa kweli. Na masaa 40 yanahesabiwa kwa wiki nzima kwenye kampuni yako, sio kwa mradi mmoja mmoja.

### Kama unalipia bima ya afya

Unaweza kutoa gharama ya bima kwenye marupurupu, ila kuna namna ya kuipiga. Tuseme unalipa $520 kwa mwezi kwa ajili ya huyo fundi. Kwa mwaka ni $6,240. Gawanya kwa masaa yote anayofanya kazi mwaka mzima, ya serikali na ya binafsi, tuseme 2,080. Unapata $3.00 kwa saa. Hiyo ndo unayoruhusiwa kuhesabu.

Watu wanagawanya kwa masaa ya mradi wa serikali peke yake. Kama mradi ulikuwa masaa 1,040 wanapata $6.00 na wanajipunguzia deni mara mbili. Mkaguzi anaiona hiyo haraka sana kwa sababu ndo kitu cha kwanza anachokitafuta.

Basi kwa mfano wetu, $9.50 toa $3.00 inabaki $6.50 taslimu. Saa ya kawaida $30.50, ovataimu $42.50. Masaa 44 yanakuwa $1,220 na $170, jumla $1,390 mkononi kabla ya kodi.

Vitu ambavyo havihesabiki marupurupu hata ubishane vipi: mchango wako wa Sosho Sekuriti, bima ya ajali kazini, bima ya kukosa ajira, manake hivyo sheria inakulazimisha tayari. Gari la kampuni analokwenda nalo nyumbani pia halihesabiki. Na hela ya mpango wa bima au pensheni lazima iende kwenye mpango kweli, isipungue mara moja kila robo mwaka.

Marupurupu ya taslimu ni mshahara, yanakatwa kodi kama kawaida.

Umefanikiwa kama: ukichukua jumla ya malipo na kuigawa nyuma kwa masaa, unafika kwenye namba za jedwali au juu yake, kila mtu, kila kada.

## Hatua ya 5: Makato

Kodi, amri ya mahakama, na malipo ya awali uliyompa mtu bila riba, hayo sawa. Bima, michango ya chama na mengineyo mengi yanataka ruhusa ya maandishi kabla ya kazi kuanza, kwa hiari yake, na yasikunufaishe wewe. Mengine kabisa yanataka kibali cha Wizara ya Kazi.

Nalisema hili taratibu kwa sababu nimeliona: bosi kampangisha kijana chumba kwake, anakata kodi ya chumba kwenye mshahara bila karatasi. Au wiki ya msiba mchango wa kila mtu unakatwa juu kwa juu. Nia nzuri, lakini kwenye karatasi inaonekana bosi anarudishiwa mshahara wa wafanyakazi, na hiyo ni jinai. Mlipe mtu hela yake yote, halafu mchango atoe mwenyewe kwa mkono wake.

## Hatua ya 6: Lipa kila wiki

Kila wiki. Sio kila wiki mbili, sio "kontrakta mkuu akinilipa". Sheria inataka watu walipwe angalau mara moja kwa wiki, na kuchelewa kwa kontrakta mkuu sio sababu inayokubalika.

Kwa hiyo kabla hujachukua kazi uwe na mtaji wa mishahara ya wiki 6 hadi 8 hivi, maana malipo ya serikali yanatembea kwa miguu. Wengi tunaingia na mtaji wa wiki 2 na hapo ndo mtu anaanza kuandika peiroli ya malipo ambayo hayajafanyika. Hiyo ni mbaya kuliko kuchelewa kwenyewe.

Lipa kwa cheki au benki, kitu kinachoacha alama. Taslimu bila risiti ni neno lako dhidi ya lake.

## Hatua ya 7: Jaza fomu

Kwa mpangilio huu:

1. Juu: jina la kampuni, mradi, namba ya mkataba, namba ya peiroli, tarehe ya mwisho wa wiki. Wiki ya kwanza ni namba 1, unaendelea bila kuruka. Wiki isiyo na kazi, tuma ya "hakuna kazi" na namba yake. Wizara haikulazimishi ila ofisi nyingi zinataka, na pengo kwenye namba linaleta maswali.
2. Jina la mfanyakazi na namba ya utambulisho, kawaida tarakimu 4 za mwisho za Sosho Sekuriti. Usiandike namba nzima wala anwani ya nyumbani. Hizo zinabaki kwenye faili lako.
3. Kada, kwa maneno yaleyale ya jedwali. Kama jedwali linatofautisha rangi ya brashi na ya spreyi, tofautisha. Mtu wa kada mbili anapata mistari miwili.
4. Masaa ya kila siku, ya kawaida mstari wake na ya ovataimu mstari wake.
5. Bei ya saa. Marupurupu ya taslimu yaonekane, usiyafiche ndani ya namba moja isiyoeleweka.
6. Mapato: ya mradi huu, na ya wiki nzima miradi yote. Hapa wanakwama wengi. Kama fundi kafanya masaa 24 kwenye mradi na 16 kwa mteja binafsi, namba mbili hizi hazifanani na hazitakiwi kufanana.
7. Makato na kilichobaki mkononi. Hivi ni vya wiki nzima, kwa hiyo vinalingana na cheki.

Umefanikiwa kama: namba ya mwisho kwa kila mtu ni ileile iliyo kwenye cheki yake, senti kwa senti.

## Hatua ya 8: Tamko na sahihi

Ukurasa huu ndo unaoifanya orodha ya kawaida iwe peiroli inayotambulika. Anasaini anayelipa au anayesimamia malipo. Kama mke wako anaandaa na wewe unasaini, kaa naye chini usome kwanza, kwa sababu unasema kwamba watu wamelipwa chote, hakuna kilichorudishwa kwa mlango wa nyuma, kada ni sahihi na wanagenzi wamesajiliwa.

Kwenye marupurupu unaonyesha: yamekwenda kwenye mipango, yamelipwa taslimu, au mchanganyiko. Kuna watu wanatiki kwamba yamekwenda kwenye mipango na hawana mpango wowote, walitiki ya juu tu kwa haraka. Hiyo sio kosa la kuandika tena, ni tamko la uongo. Fomu yenyewe inakukumbusha kwamba uongo humu unaweza kukupeleka mahakamani, na kampuni inaweza kufungiwa kazi za serikali miaka 3.

## Hatua ya 9: Tuma kwa wakati na utunze

Peiroli inatumwa ndani ya siku 7 baada ya tarehe ya kulipa. Wewe unatuma kwa kontrakta mkuu, yeye anapeleka juu. Wengi wao wanataka mapema zaidi, fuata mkataba. Ukiona anakusumbua sana usimchukie, sheria inamfanya awajibike kwa mishahara uliyoikosea wewe, ndo maana anashika cheki yako mpaka karatasi zikae sawa.

Na kama wewe mwenyewe umempa mtu kipande cha kazi yako, uko nafasi ileile. Mpe masharti na jedwali kwa maandishi na udai peiroli yake kila wiki.

Faili zote, yaani madaftari, cheki, ruhusa za makato, risiti za bima, unatunza angalau miaka 3 tangu mkataba wa kontrakta mkuu umalizike. Wewe umemaliza rangi Machi, jengo likamalizika mwaka unaofuata, hesabu ya miaka 3 inaanza hapo.

## Mkaguzi akija saiti

Anaruhusiwa kuongea na wafanyakazi faragha. Maswali ni mepesi: unafanya kazi gani, unatumia vifaa gani, unalipwa kiasi gani, ovataimu je. Halafu anaenda kulinganisha na peiroli ya wiki hiyo.

Usiwafundishe watu majibu. Nilishaona kampuni moja ambapo vijana sita walisema sentensi ileile kwa Kiingereza kilekile, na mkaguzi aliyekuja kwa nusu saa akabaki wiki tatu. Waambie waseme ukweli, na kama mtu anajieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili, aombe mkalimani. Kumtisha, kumpunguzia masaa au kumfukuza kwa alichosema ni kosa lingine juu ya lile la kwanza.

## Ukigundua umekosea

Usifute peiroli ya zamani na usirudi kuibadilisha kimyakimya. Piga hesabu ya upungufu kwa kila mtu kwa kila wiki, lipa tofauti kwa cheki yake peke yake, ikatwe kodi, halafu tuma peiroli ya marekebisho yenye namba ya wiki husika na tamko jipya lenye sahihi. Ambatanisha nakala ya cheki na maelezo mafupi: nani, wiki zipi, bei gani ilitumika, ilitakiwa ipi.

Kama mfanyakazi ameshaondoka, mtafute kwa simu na anwani uliyonayo, ndo sababu ya kuziandika mwanzoni. Asipopatikana, mwambie kontrakta mkuu kwa maandishi na uulize hela iwekwe wapi. Isirudi kwenye akaunti ya kampuni.

Wiki ya mwisho ya kazi, andika neno "Final" juu ya peiroli, ndo ofisi wajue wasisubiri nyingine.